Ndani ya Sabuni Mna Nini?

Ukiingia katika duka la kijiji siku hizi utaona sabuni za namna nyingi. Ipo sabuni ya mche. Ipo sabuni ya unga katika pakiti ndogo ndogo. Ipo sabuni ya maji katika chupa. Ipo ya kuogea, imefungwa kwa karatasi yenye picha nzuri. Kando yake utaona chupa ya jiki, na pengine magadi katika kopo.

Kila moja inajisifu. Moja inasema ina nguvu kuliko zote. Nyingine inasema inaua vijidudu. Nyingine inanukia waridi. Je, mnunuzi achukue ipi? Wengi wetu huchukua ile yenye povu jingi, au harufu nzuri, au bei ndogo.

Lakini povu peke yake halisafishi nguo. Harufu nayo haisafishi nguo. Kinachosafisha ni vitu vilivyochanganywa ndani. Vingine vinafanya kazi kweli. Vingine ni mapambo. Vichache ni sumu.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Karatasi ya sabuni ni maandishi kama maandishi mengine. Hebu tuitazame pamoja, tujue tunanunua nini.

SABUNI NI MAFUTA NA KOSTIKI SODA

Sabuni ya kweli hutengenezwa kwa vitu viwili: mafuta na magadi makali. Magadi hayo makali huitwa kostiki soda. Kostiki soda ikiwa peke yake huunguza ngozi na macho. Mafuta yakiwa peke yake hayatoi uchafu. Lakini vikichanganywa kwa kipimo sahihi, vyote viwili hugeuka. Hupatikana kitu kipya, nacho ndicho sabuni. Hupatikana pia glisirini, ambayo hulainisha ngozi.

Kipimo ndicho siri ya kazi hii. Kilo moja ya mawese huhitaji kama gramu 140 za kostiki soda. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji zaidi, kama gramu 180. Kostiki ikizidi, sabuni inawasha mikono na kuchubua ngozi. Kostiki ikipungua, sabuni inabaki na mafutamafuta na haitakasi. Kwa hiyo mtengenezaji asiye na mizani anabahatisha, na mnunuzi ndiye anayeumia.

SABUNI INAONDOAJE UCHAFU?

Uchafu mwingi wa nguo na mwili una mafuta ndani yake. Jasho lina mafuta. Mchuzi una mafuta. Vumbi hushikamana na mafuta hayo. Maji na mafuta havipatani. Ndiyo maana maji matupu hayatoi uchafu vizuri.

Sabuni ina chembe ndogo sana ambazo hatuwezi kuziona kwa macho. Kila chembe ina ncha mbili. Ncha moja inapenda maji. Ncha nyingine inapenda mafuta. Ukisugua nguo, ncha zinazopenda mafuta hukamata uchafu. Zile zinazopenda maji huvutwa na maji. Basi uchafu hung'oka katika nguo, na ukisuuza huenda zake.

Vijidudu vya magonjwa vilivyo mikononi huondoka kwa njia hiyo hiyo. Baadhi ya virusi vimefunikwa na gamba la mafuta. Kirusi cha korona, kilichoenea duniani mwaka 2020, ni kimojawapo. Sabuni hulivunja gamba hilo, na kirusi hufa. Vijidudu vingine havifi, lakini vinang'olewa na kusuuzwa. Kwa kazi hii sabuni ya mche inafaa sawa na sabuni ya bei kubwa. Jambo la muhimu ni kusugua viganja, katikati ya vidole na chini ya kucha kwa sekunde 20, kisha kusuuza kwa maji safi yanayotiririka.

MAFUTA YA NAMNA GANI?

Mafuta hayafanani, kwa hiyo sabuni nazo hazifanani.

Mafuta ya nazi na mafuta ya mise hutoa sabuni yenye povu jingi, na yenye nguvu ya kuondoa uchafu. Lakini yakiwa peke yake sabuni hukausha ngozi.

Mawese na mafuta ya ng'ombe hutoa sabuni ngumu, inayodumu. Povu lake ni dogo, lakini halikatiki upesi.

Mafuta ya maji, kama ya alizeti, hutoa sabuni laini inayoyeyuka haraka.

Watengenezaji wazuri huchanganya. Huweka mawese ili sabuni iwe ngumu, na huweka mafuta ya nazi au ya mise ili itoe povu. Huko Kigoma, mkoa wa michikichi, vyote viwili hutoka katika tunda moja. Nyama ya tunda hutoa mawese, na kokwa yake hutoa mafuta ya mise.

Katika sabuni nyingi za kuogea, majina ya mafuta yameandikwa kwa lugha ya kigeni. Usiogope. Tafuta herufi hizi. Ukiona neno "palmate", ni mawese. Ukiona "cocoate", ni nazi. Ukiona "palm kernelate", ni mise. Ukiona "tallowate", ni mafuta ya mnyama. Kinachotajwa kwanza kwa kawaida ndicho kilicho kingi zaidi. Kwa wale ambao dini yao inawakataza mafuta ya mnyama fulani, kusoma hapa ni jambo kubwa.

MAGADI NA MAJIVU

Kabla ya sabuni za dukani, wazee wetu walifua na kuosha vyombo. Walitumia nini? Walitumia majivu na magadi.

Majivu ya kuni yana chumvi kali inayofanana na magadi. Ukiyaloweka na kuchuja maji yake, unapata maji yanayoteleza mkononi. Maji hayo hukata mafuta ya sufuria. Afrika Magharibi watu hutengeneza sabuni nyeusi kwa majivu ya maganda ya ndizi na ya kakao, pamoja na mafuta. Sabuni ya majivu huwa laini. Sabuni ya kostiki soda huwa ngumu.

Magadi tunayo katika Bonde la Ufa. Yapo katika Ziwa Natron, Tanzania, na katika Ziwa Magadi, Kenya. Ulaya magadi kama hayo yalikuwa haba. Mwaka 1791 Mfaransa mmoja, Nicolas Leblanc, alipata hati ya njia yake ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi. Hata leo magadi huchanganywa katika sabuni nyingi za unga.

Kwa nini huchanganywa? Kwa sababu ya maji magumu. Maji ya visima vingi yamepita katika mawe ya chokaa. Ukifua kwa maji hayo, sabuni haitoi povu. Hugeuka utando mweupe, ukashika nguo na beseni. Sabuni yako imeliwa na chokaa. Magadi hukamata chokaa hiyo na kuizamisha chini. Basi sabuni inabaki kufanya kazi yake.

Kama maji ya kijiji chenu ni magumu, jaribu hivi. Koroga magadi kidogo katika ndoo ya maji. Yaache yatulie. Mimina maji ya juu katika beseni, uache mashapo chini. Kisha fua. Utaona povu linakuja upesi, na sabuni inatumika kidogo. Lakini usiloweke nguo za sufu, na usisugue sufuria za alumini kwa magadi. Sufuria hizo hubadilika rangi na kuliwa. Ukimaliza suuza mikono na kuipaka mafuta, maana magadi hukausha ngozi.

SABUNI YA UNGA

Watu wengi hudhani sabuni ya unga ni sabuni ya mche iliyosagwa. Sivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, mafuta yalikuwa haba Ujerumani. Wataalamu wa huko wakatafuta kitu cha kufulia kisichotumia mafuta ya kula. Hapo ndipo ilipoanza safari ya dawa za kufulia za viwandani. Siku hizi nyingi hutengenezwa kutokana na petroli, na nyingine kutokana na mafuta ya mimea.

Dawa hizo nazo zina ncha mbili, kama sabuni. Uzuri wake ni kwamba haziliwi sana na chokaa ya maji magumu. Ubaya wake ni kwamba huondoa hata mafuta ya ngozi yako. Kwa hiyo usiogee sabuni ya unga, wala usimwogeshe mtoto mchanga kwa sabuni hiyo. Anaweza kupata ukurutu.

Ndani ya pakiti mna vitu vingine pia. Hivi ndivyo vya kawaida:

Magadi hulainisha maji.

Vimeng'enya hula madoa ya damu, jasho, maziwa na mayai. Maji ya moto sana huviua, basi tumia maji baridi au ya vuguvugu. Damu hasa hutaka maji baridi. Maji ya moto huifanya ishike.

Dawa ya weupe haiondoi uchafu. Hubaki katika nguo na kurudisha mwanga wa jua, ili jicho lione weupe. Bluu ya kufulia nayo hudanganya jicho.

Chumvi ya kujazia huongeza uzito wa pakiti. Kazi yake katika kufua ni ndogo.

Manukato na rangi ni mapambo tu. Kwa watu wengine huleta mwasho na chafya. Kama mtoto wako anawashwa na nguo zilizofuliwa, jaribu sabuni isiyo na manukato, na suuza mara mbili.

Fosfeti hulainisha maji. Lakini fosfeti ni mbolea. Ikifika ziwani hukuza majani na ukungu wa majini, na samaki hukosa hewa. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuibana katika sabuni za kufulia mwaka 2013. Sisi tunaokaa kando ya mito na maziwa tuchote maji, tufulie mbali na ukingo, na tumwage maji machafu katika udongo.

JIKI

Jiki si sabuni. Ni maji yenye dawa ya klorini. Haikamati mafuta. Kazi yake ni mbili: kutoa rangi ya madoa, na kuua vijidudu. Wakati wa kipindupindu ni silaha kubwa.

Lakini ina masharti. Kwanza, uchafu huimaliza nguvu. Sakafu isuguliwe kwa sabuni na kusuuzwa, ndipo ipakwe jiki. Pili, iachwe kwa dakika 10 kabla ya kufutwa. Tatu, jua na joto huiharibu. Iwekwe kivulini, ifungwe vizuri, na tarehe yake isomwe. Jiki ya zamani ni kama maji tu.

Nguvu ya jiki huandikwa katika chupa. Nyingine ni asilimia 3.5. Nyingine ni asilimia 5. Tuseme Bwana Afya amesema sakafu ioshwe kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 0.5. Utachanganyaje? Fanya hesabu hii. Gawanya nguvu ya chupa kwa nguvu unayotaka, kisha toa 1. Jibu ni makopo ya maji kwa kila kopo moja la jiki.

Chupa ya 3.5: gawanya kwa 0.5 upate 7. Toa 1, inabaki 6. Basi ni kopo 1 la jiki na makopo 6 ya maji.

Chupa ya 5: gawanya kwa 0.5 upate 10. Toa 1, inabaki 9. Basi ni kopo 1 la jiki na makopo 9 ya maji.

Umeona? Aliyeshika chupa ya 3.5 akatia makopo 9 ya maji, dawa yake ni dhaifu. Anadhani amejikinga, kumbe sivyo. Tofauti ni tarakimu moja tu katika karatasi.

SABUNI ZA DAWA, NA SABUNI ZA KUBADILI NGOZI

Sabuni nyingi huuzwa kwa jina la dawa. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku dawa 19 katika sabuni za nyumbani za kuoshea mikono na mwili. Mojawapo ilikuwa triklosani, iliyosifiwa kwa miaka mingi. Sababu ilikuwa nini? Watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba sabuni hizo zinakinga ugonjwa kuliko sabuni ya kawaida na maji. Kwa hiyo mtu mzima asiye na ugonjwa wa ngozi hana haja ya kulipa zaidi. Mwenye ugonjwa wa ngozi aende zahanati, akaambiwe dawa inayomfaa.

Jambo lililo kubwa zaidi ni sabuni za kung'arisha ngozi. Baadhi yake zina zebaki. Zebaki hupita katika ngozi na kuingia mwilini. Huharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito akiitumia, sumu humfikia mtoto tumboni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa waliovimba mwili kwa sababu ya figo. Wengi wa wanawake kati yao walikuwa wakipaka dawa za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Mwaka 2013 mataifa yalipitisha Mkataba wa Minamata ili kupunguza zebaki duniani. Minamata ni mji wa Japani. Watu wake walikula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, wakapooza na kufa. Mkataba huo unakataza sabuni na krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hapa Tanzania vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku, na vyenye haidrokwinoni vilevile. Hata hivyo vinaingizwa kwa magendo.

Tazama karatasi. Ukiona "mercury", "mercuric iodide", "calomel" au herufi "Hg", hiyo ni zebaki. Usinunue. Kama sabuni inaahidi weupe lakini haikuandika vitu vilivyomo, usinunue pia. Kama tayari unaitumia, na uso au miguu inavimba, nenda hospitali. Chukua karatasi yake umwonyeshe daktari. Usione haya.

VITU AMBAVYO HAVIKUTANI

Soma sehemu hii mara mbili, na umsomee asiyejua kusoma.

Usichanganye jiki na limao, siki, au dawa kali ya kusafishia choo. Hutoka hewa ya klorini yenye sumu, inayobana kifua. Usimwage jiki penye mkojo mwingi bila kupasuuza kwanza kwa maji. Hapo pia hutoka hewa mbaya. Ukisikia harufu kali na kikohozi, toka nje upesi.

Anayetengeneza sabuni atie kostiki soda katika maji kidogo kidogo. Asimwage maji juu ya kostiki, maana yatachemka na kumrukia usoni. Asitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila, na hutoka hewa inayoshika moto. Avae glovu na miwani, na watoto wakae mbali.

Jiki na kostiki zisiwekwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hajui kilichomo. Ikitokea amekunywa, usimtapishe, maana vitaunguza koo mara ya pili. Msuuze kinywa, umpeleke hospitali mara moja, na uchukue chupa ile. Kama imeingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali.

HESABU YA DUKANI

Sasa tuje kwenye fedha. Bei hizi ni za mfano tu.

Kipande cha kwanza ni gramu 200 kwa shilingi 1,000. Kipande cha pili ni gramu 150 kwa shilingi 900. Kipi ni rahisi? Gawanya bei kwa gramu. Cha kwanza ni shilingi 5 kwa gramu. Cha pili ni shilingi 6 kwa gramu. Kile cha shilingi 900 ndicho ghali.

Pakiti ndogo ya unga ni gramu 20 kwa shilingi 200. Pakiti kubwa ni gramu 500 kwa shilingi 3,500. Gramu 500 za pakiti ndogo ni pakiti 25, yaani shilingi 5,000. Basi majirani 5 wakichanga shilingi 700 kila mmoja, watanunua pakiti kubwa na kugawana gramu 100 kila nyumba. Kwa pakiti ndogo kila mmoja angelipa shilingi 1,000. Amebakiwa na shilingi 300.

Pia, sabuni ya mche huweza kuuzwa ikiwa na maji mengi. Pima vipande viwili vyenye uzito sawa, viweke kivulini kwa wiki mbili, kisha pima tena. Kilichopungua zaidi ndicho kilichokuwa na maji mengi. Ulilipia maji. Na sabuni iliyokauka hudumu kuliko mbichi, kwa hiyo ni vizuri kuikata na kuianika kivulini kabla ya kuitumia.

Mwisho, tazama alama ya ubora ya TBS, uzito, tarehe, na jina la mtengenezaji. Kitu kisicho na jina la mwenyewe hakina wa kumlalamikia.

Na ile nyumba ambayo leo haina fedha ya sabuni? Majivu makavu yaliyopoa, pamoja na maji, ni afadhali kuliko maji matupu kwa kuosha mikono. Lakini shilingi ya kwanza ikipatikana, kipande cha sabuni ya mche kiwekwe karibu na choo. Hapo ndipo sabuni inapookoa maisha ya watoto: baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika, na kabla ya kula au kumlisha mtoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Chukua karatasi ya sabuni mnayotumia nyumbani. Imetengenezwa kwa mafuta gani?

2. Je, maji ya kisima chenu ni magumu? Mmejuaje?

3. Chupa ya jiki ina nguvu ya asilimia 4. Mnataka nguvu ya asilimia 0.5. Mtatia makopo mangapi ya maji kwa kopo 1 la jiki?

4. Nendeni dukani. Andikeni bei na uzito wa sabuni tatu. Ipi ni rahisi kwa kila gramu?

Jibu la swali la 3: makopo 7.